Hesabu ya Umeme kwa Mwenye Taa na Mwenye Pampu

Nchi ya Ukambani, tangu Mwingi na Mutomo katika Kitui hata Wote na Kibwezi katika Makueni, haikujaliwa mvua nyingi, lakini imejaliwa jua. Ndiyo sababu siku hizi wakulima wengi huweka paneli za jua juu ya mabati ili wapate taa. Wengine huvuta maji kwa pampu za umeme kutoka visimani, wanyweshe mifugo na kumwagilia miembe na michungwa. Jambo hili lastahili sifa. Lakini vyombo hivi hununuliwa kwa fedha nyingi, na mnunuzi asiyejua kuhesabu hana budi kuamini kila aambiwalo dukani. Hesabu yenyewe si ngumu. Yataka kuzidisha na kugawanya tu.

Kwanza yafaa tujue maneno matatu. Fikiri tangi la maji lililo juu ya kilima, na bomba literemkalo hata shambani. Kadiri tangi lilivyo juu, ndivyo maji yasukumwavyo kwa nguvu. Msukumo wa namna hiyo katika umeme hupimwa kwa volti. Wingi wa maji yapitayo bombani kila sekunde ni mfano wa mkondo wa umeme, nao hupimwa kwa ampea. Tena bomba likiwa jembamba na refu huyazuia maji. Kizuizi hicho katika umeme huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu, jina litokalo kwa Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827.

Kanuni ni hizi. Ukigawanya volti kwa ampea, wapata omu. Ukizidisha volti kwa ampea, wapata wati, yaani kipimo cha kazi ifanywayo na umeme kila sekunde.

Tutazame pasi ya nguo. Umeme wa nguzo uletwao majumbani katika Kenya ni wa volti 240. Pasi ikivuta ampea 5, basi 240 kugawanya kwa 5 ni omu 48, na 240 mara 5 ni wati 1,200. Ikiwaka saa nzima bila kupumzika itakula yuniti moja na sehemu mbili za kumi, maana yuniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja.

Sasa tuje kwa pampu, maana hapa ndipo wengi hupata hasara. Mkulima ana pampu ya volti 12 ivutayo ampea 10, yaani wati 120. Kisima kiko mita 20 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, basi waya ni mita 40. Amenunua waya wa shaba wa milimita moja na nusu za mraba kwa kuwa ni rahisi. Waya huo una ukinzani wa omu 0.0115 hivi kwa kila mita, na kwa mita 40 ni omu 0.46. Zidisha kwa ampea 10: volti 4.6 zapotea njiani, na pampu yaachiwa volti 7.4 tu! Wati 46 zaishia kuupasha waya joto. Pampu huzunguka kwa unyonge au haizunguki kabisa, na mwenyewe huenda kununua pampu nyingine, kumbe kosa ni la waya.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni waya mnene. Ule wa milimita 6 za mraba hupoteza volti 1.15 tu kwa safari hiyo hiyo. Ya pili ni kuongeza volti. Pampu ya wati 120 iliyoundwa kwa volti 24 huvuta ampea 5 tu. Basi hata kwa waya ule mwembamba zapotea volti 2.3 kati ya 24, na joto lapungua hata wati 11.5, yaani robo ya lile la kwanza. Ndiyo sababu umeme wa bwawa la Kiambere katika mto Tana, lililoanza kuzalisha mwaka 1988, husafirishwa hadi Rabai karibu na Mombasa kwa volti 220,000. Volti zikiwa nyingi, ampea huwa chache, na ampea chache hazipotezi sana njiani.

Liko na jambo la hatari. Mkondo ukiongezeka mara nne, joto la waya haliongezeki mara nne, bali mara kumi na sita. Basi mtu aondoaye fyuzi ya ampea 5 na kutia kipande cha waya mnene mahali pake amemfukuza askari wa zamu mlangoni. Siku nyaya zikigusana, waya wa ukutani ndio utakaowaka, na nyumba pamoja nao.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji mambo matatu: chombo hiki ni cha volti ngapi, huvuta ampea ngapi, na kwa umbali wa kwangu chataka waya wa unene gani? Kisha chukua kalamu, uyahakikishe majibu yake mwenyewe.