Chembe za dawa: zinaoza, zinayeyuka au zinavunjwavunjwa?

Mwalimu mtarajiwa wa sayansi katika Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Mazimbu, Morogoro, hujifunza kemia kwa Kiingereza. Jirani akimwuliza amesoma nini leo, hana budi kumjibu kwa Kiswahili, na hapo kitenzi kimoja chaweza kumtia mtu hofu isiyo na sababu.

Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vingi vidogo, mfano wa shanga katika uzi. Nyuzi za mkonge uliolimwa Mazimbu, kabla ya shamba hilo kukabidhiwa wapigania uhuru wa ANC mwaka 1977, ni polima pia. Polima tunayoizungumzia hapa, PLGA, huundwa kwa asidi mbili: ya glaikoliki na ya laktiki, hii ya pili ikiwa ndiyo inayoyachachusha maziwa ya mgando. Dawa hufungwa ndani ya chembe zake, kisha mgonjwa hudungwa sindano.

Wengi husema chembe hizo “huoza”. Kuoza ni kwa nyama, meno na takataka: ni kazi ya bakteria na kuvu, nayo ina uvundo. Mgonjwa akiambiwa atadungwa kitu kitakachooza mwilini, akikataa nani atamlaumu? Isitoshe, PLGA haihitaji bakteria. Maji ya mwilini yatosha.

“Kuyeyuka” nako hakufai. Chumvi huyeyuka katika maji, lakini maji yakikauka chumvi hurudi ile ile. Polima hii hairudi. Maji huupenya mnyororo, huukata kipande kwa kipande, matundu yakatokea na dawa ikapenya nje. Asidi zinazobaki hutumiwa na mwili na kuishia kuwa maji na hewa ya kaboni. Kwa hiyo twapendekeza “kuvunjwavunjwa”: kauli ya kutendwa yaonyesha kuwa yupo mvunjaji, yaani maji, na urudufishaji waonyesha kuwa kazi haifanyiki kwa mkupuo.

Tuepuke pia “dawa ya polepole”, kwani msikilizaji atadhani inakawia kuponya. Kinachokwenda polepole ni kule kuachiliwa kwake. Sindano ya luprolaidi ya saratani ya tezi dume, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, hudungwa mara moja kwa mwezi.

Kwetu suala hili lina uzito kwa sababu ya kifua kikuu, ambacho tiba yake ya kawaida ni vidonge vya kila siku kwa miezi sita. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza huko Pretoria utafiti wa kuzifunga dawa hizo ndani ya nanochembe za PLGA ili mgonjwa apunguziwe idadi ya dozi. Baadaye alihamia Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha.

Mfano wa matumizi: Chembe hizi huvunjwavunjwa na maji ya mwilini, zikiachilia dawa kidogokidogo kwa muda wa mwezi mmoja.