Uteuzi wa Ekseli Mbadala kwa Gari Lililofungwa Matairi Makubwa: Uchunguzi Kifani wa Jeep Wrangler JK

Utangulizi

Jeep Wrangler ya kizazi cha JK ilitengenezwa nchini Marekani kuanzia modeli ya mwaka 2007 hadi ile ya 2018, na tangu mwanzo wamiliki wake walikuwa wakiondoa matairi ya kiwandani na kufunga makubwa zaidi. Toleo la Rubicon, lililoandaliwa kwa njia mbovu kuliko matoleo mengine, lilitoka kiwandani na matairi yenye kipenyo cha takriban inchi 32. Katika miamba ya Moab, jimboni Utah, au katika njia ya Rubicon Trail inayokatiza milima ya Sierra Nevada huko California, si ajabu kulikuta gari hilohilo likiwa na matairi ya inchi 37. Sababu yake inaeleweka. Kimo cha ekseli kutoka ardhini hutegemea nusukipenyo cha tairi. Tairi lililoongezeka inchi 5 huiinua ekseli kwa inchi 2.5. Springi ndefu haziwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa huinua bodi na kuiacha ekseli palepale ilipokuwa.

Faida hiyo haiji bure. Tairi kubwa hufungwa mwishoni mwa mfumo ambao kila kiungo chake kilikadiriwa kwa tairi dogo, na kiungo kinachoelemewa kwanza, mara nyingi, ni ekseli ya mbele. Anayeivunja katikati ya miamba hupoteza siku nzima na fedha za kuvutwa. Anayeivunja katika barabara kuu anaweza kupoteza zaidi ya hapo. Makala haya yanafafanua namna ya kuteua ekseli mbadala kwa gari la aina hiyo, na hoja yake ni kwamba ekseli huteuliwa kwa kuangalia tairi, uzito na difuloki, wala si nguvu ya injini au umaarufu wa jina lililo kwenye kasha.

Katika gereji nyingi neno "ekseli" hutajwa kwa maana ya chuma kirefu kinachozungusha gurudumu. Hapa chuma hicho kitaitwa shafti, na ekseli itakuwa kitu kizima: mabomba mawili, kasha la difu lililo kati yake, gia ya krauni na pinioni yake, shafti, habu na beringi.

Mzigo unaotoka kwenye tairi

Imezoeleka kudhani kwamba kinachovunja ekseli ni injini. Hesabu za kwenye mwamba zinaonyesha jambo tofauti. Injini ya lita 3.6 iliyofungwa katika JK tangu modeli ya 2012 hutoa kani ya kusokota ya takriban nyutoni-mita 353. Katika Rubicon yenye giaboksi otomatiki, kani hiyo huzidishwa mara 3.59 na gia ya kwanza, mara 4 na giaboksi ndogo ya foweli inapowekwa kwenye gia nzito, na mara 4.10 na difu. Jibu linapita nyutoni-mita 20,000, bila kuhesabu kinachopotea njiani kwa msuguano. Likigawanywa kwa magurudumu manne, kila moja lingepata zaidi ya 5,000.

Gurudumu haliwezi kupokea kiasi hicho, kwa kuwa litateleza kabla ya kukifikia. Kikomo cha mzigo wa shafti huwekwa na mshiko wa tairi ardhini, yaani uzito ulio juu ya gurudumu ukizidishwa kwa kizigeu cha msuguano, kisha kwa nusukipenyo cha tairi. Ikichukuliwa kwamba gurudumu moja la mbele limebeba kilo 900, hali inayoweza kutokea gari lililosheheni vifaa linapoinama upande mmoja, na kwamba mwamba ni mkavu wenye kizigeu cha 0.9, tairi la inchi 32 litaibebesha shafti takriban nyutoni-mita 3,230 kabla ya kuteleza. Tairi la inchi 37 litaibebesha takriban 3,730. Ongezeko hilo ni la asilimia 16 hivi, sawa na ongezeko la kipenyo cha tairi, ilhali injini haijaguswa. Na iwapo mmiliki ameongeza bampa za chuma, winchi na tangi la pili la mafuta, uzito nao unapanda katika hesabu hiyohiyo.

Difuloki hubadilisha mambo zaidi. Difu ya kawaida hugawa kani sawa kwa magurudumu mawili, kwa hiyo gurudumu lililo hewani huilinda shafti ya mwenzake: likizunguka bure, mwenzake naye hapati kitu. Difu inapofungwa, kinga hiyo hutoweka, na gurudumu moja lenye mshiko linaweza kupokea kani yote iliyokusudiwa kwa mawili. Hapo ndipo shafti zilizodumu miaka bila tatizo huvunjika ndani ya wiki ya kwanza baada ya kufungwa difuloki, na lawama huangukia chuma.

Hesabu iliyotangulia ni ya hali tulivu. Gari linaporukaruka kwenye ngazi ya mwamba, tairi zito huzunguka hewani kwa kasi kisha hunasa ghafla, na kishindo cha kunasa huko huzidi kikomo kilichotajwa. Katika ekseli ya mbele kishindo hicho hupita kwenye jointi ya msalaba, ile ambayo mafundi huiita krosi, na krosi hudhoofika kadiri usukani unavyokatwa. Dereva aliyekata usukani hadi mwisho huku akikanyaga mafuta kwa hasira ndiye mteja mkubwa wa wauza shafti.

Jina la ekseli na kilichomo ndani yake

JK za kawaida zilitoka na ekseli ya Dana 30 mbele na Dana 44 nyuma. Rubicon ilipewa Dana 44 pande zote mbili. Namba hizo si inchi wala tani, ni majina tu ya familia. Kipimo chenye maana ni kipenyo cha gia ya krauni, ambacho kwa Dana 30 ni zaidi kidogo ya inchi 7, kwa Dana 44 ya JK ni kati ya inchi 8.5 na 9, na kwa Dana 60 ni inchi 9.75. Kipimo cha pili ni unene wa shafti. Uwezo wa shafti kuhimili msokoto hukua kwa mchemraba wa kipenyo chake, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwa macho huwa kubwa katika kazi. Shafti ya mbele ya Dana 44 yenye meno 30 ina kipenyo cha takriban inchi 1.31, ile ya meno 35 inayofungwa katika Dana 60 nyingi za kununua ina inchi 1.5. Kwa chuma cha aina moja, ya pili huhimili takriban mara moja na nusu ya ile ya kwanza.

Hata hivyo, jina linaweza kupotosha. Dana 44 ya mbele ya Rubicon ina gia na shafti kubwa kuliko Dana 30, lakini mabomba yake ni ya ukubwa uleule: kipenyo cha inchi 2.5 na unene wa robo inchi. Mnunuzi aliyelipia Rubicon akiamini ekseli yake ni ya daraja jingine amepata daraja hilo katika difu, wala si katika bomba linalobeba gari. Chini ya matairi ya inchi 37 mabomba hayo hupinda, na mabano yenye umbo la C yaliyochomelewa mwishoni mwake, yale yanayoshika boli jointi, hufunguka taratibu. Dalili ya kwanza huonekana kwenye tairi: huanza kulika upande wa ndani, na fundi wa kupanga magurudumu hushindwa kulirekebisha kwa sababu kilichopinda hakina boliti ya kurekebishia.

Upande wa nyuma swali ni lingine, na ndilo linalogusa usalama moja kwa moja. Katika Dana 44 ya nyuma ya JK, shafti huzungusha gurudumu na wakati huohuo hubeba uzito wa gari. Ikikatika nje ya beringi, gurudumu huondoka pamoja na kipande chake. Kuna ekseli za aina ya pili, ambazo shafti yake haibebi uzito: habu hukaa juu ya beringi mbili zilizovikwa kwenye mwisho wa bomba, na kazi ya shafti ni kuzungusha tu. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu aina hiyo kutoka kwenye malori, na kwenye ekseli ya nyuma ya Toyota Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70. Shafti yake ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake. Dereva huchomoa vipande na kurudi nyumbani kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Kwa gari linalotembea mbali na watu, sifa hiyo ina thamani kuliko inchi yoyote ya krauni.

Kuimarisha au kubadilisha

Kwa matairi ya inchi 33 ekseli za kiwandani hutosha. Kwa inchi 35, Dana 44 ya Rubicon inaweza kuimarishwa kwa kuingiza bomba jingine ndani ya lile la awali, kuchomelea vipande vya kuyatia nguvu mabano ya C, na kuweka shafti za kromoli pamoja na boli jointi bora. Mpangilio huo wa kazi si wa hiari. Wengi huanza na shafti kwa sababu ndizo zinazovunjika kwa kelele, kisha hugundua kwamba shafti ngumu ndani ya bomba lililopinda hula sili na beringi. Vilevile, shafti ikishakuwa imara, kinachofuata kuvunjika ni pinioni au krauni, ambavyo ni ghali zaidi kubadilisha njiani, au haviwezekani kabisa.

Kwa Dana 30 yenye matairi ya inchi 37, kuimarisha ni kutupa fedha. Krauni yake hubaki ndogo hata ikizungukwa na vyuma vya aina gani. Hapo ndipo ekseli kamili ya kununua inapostahili, ama ya 44 yenye bomba nene ama ya 60, kama zile zinazotengenezwa kwa ajili ya Wrangler na Dynatrac, Currie na Dana wenyewe. Kwa inchi 40, Dana 60 ndiyo ya kuanzia mazungumzo.

Njia ya tatu ni ekseli iliyotumika, hasa ya mbele ya Ford Super Duty za kuanzia 2005, ambayo ni Dana 60 yenye difu upande wa kushoto kama ya JK. Bei yake huvutia. Lakini ni pana kuliko ya JK kwa inchi kadhaa, boliti zake za gurudumu ni nane badala ya tano, na mabano yote ya springi na shokapu hukatwa na kuchomelewa upya. Asiye na fundi wa kuchomelea anayeaminika asiiguse.

Dana 60 nayo ina kasoro ambayo wauzaji hawaitangulizi. Kasha lake la difu ni kubwa na huning'inia chini zaidi, hivyo hula sehemu ya zile inchi 2.5 zilizonunuliwa kwa matairi. Baadhi ya watengenezaji huchonga sehemu ya chini ya kasha ili kupunguza hasara hiyo, na ni jambo la kupima kwa rula kabla ya kulipa.

Uwiano wa gia, breki na kompyuta

Tairi kubwa hulifanya gari liwe zito kuondoka, kana kwamba gia zimepandishwa. Uwiano wa kurudisha hali ya awali hupatikana kwa kuzidisha uwiano wa zamani kwa 37, kisha kugawa kwa 32: kwa 4.10 jibu ni 4.74, na gia inayopatikana iliyo karibu zaidi ni 4.88. Wapo wanaochagua 5.13, hasa kwa injini ya zamani ya lita 3.8 ambayo ni dhaifu zaidi. Ikumbukwe kwamba 4.10 ni meno 41 kwa 10, wakati 4.88 ni 39 kwa 8. Pinioni yenye meno machache huwa nyembamba, na katika krauni ndogo wembamba huo huhisika. Ekseli mbili za gari moja sharti ziwe na uwiano mmoja, la sivyo foweli ikiwekwa zitapigana.

Breki hukabiliwa na mkono uleule mrefu wa tairi uliokabili shafti, kwa hiyo ekseli inayokuja na diski kubwa haipaswi kulinganishwa kwa bei na isiyokuja nazo. Aidha, ekseli mbadala lazima iwe na pete za vihisi vya mwendo wa gurudumu. Zikikosekana, breki za kuzuia magurudumu kujifunga na mfumo wa kulizuia gari lisiyumbe hupoteza macho, na gari lililoinuliwa juu ndilo linalouhitaji mfumo huo kuliko jingine lolote.

Baada ya kufungwa, kompyuta ya gari huelezwa kipenyo kipya cha tairi na uwiano mpya wa gia, kisha gari huendeshwa taratibu bila kuvuta mzigo. Katika safari ya kwanza husimamishwa baada ya kilomita 25 hadi 30 ili difu zipoe kabisa. Boliti za habu na za mikono ya springi hukazwa tena katika siku za mwanzo, na ifikapo kilomita 800 mafuta ya difu humwagwa yote, pamoja na unga wa chuma ulioachwa na meno mapya.