Mtandao hauchori picha

Katika vibanda vya kuchapisha fulana na mabango mitaani Eastlands, jijini Nairobi, kazi nyingi huanzia kwenye simu ya mteja. Anaonyesha mchoro alioupakua, anautuma kwa WhatsApp, na fundi anaufungua kwenye kompyuta. Chini, upande wa kulia, kuna sahihi ndogo. Fundi anaikata ili apate nafasi ya kuandika tarehe ya mechi na kiingilio. Ukiuliza mchoro umetoka wapi, unajibiwa: mtandaoni. Hata magazeti yetu huandika "Picha: Mtandao", kana kwamba mtandao umewahi kushika brashi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina utata hapa. Kwa kawaida, hakimiliki ya mchoro ni ya aliyeuchora tangu alipouchora, awe ameusajili au la. Kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, humsaidia tu kuthibitisha umiliki kesi ikizuka. Ulinzi wa hakimiliki hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Zaidi ya hayo, ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mchoraji, na ya kupinga kazi yake ikiharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Anayekata sahihi anaigusa haki hiyo ya kutambuliwa moja kwa moja.

Wengi hudhani kutaja jina kunatosha. Hakutoshi. Ukiuza fulana yenye mchoro wa mtu, jina lake hata ukiliandika kwa herufi kubwa halichukui nafasi ya idhini yake, wala ya malipo mtakayokubaliana.

Kuiga mtindo ni jambo jingine. Mchoraji Edward Said Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, na hadi leo wachoraji wengi wanafuata mtindo wake wa rangi za kung'aa na wanyama. Wanachora picha zao, wanatia sahihi zao, na mtindo wenyewe bado unaitwa kwa jina lake. Hivyo ndivyo heshima inavyopaswa kuwa.

Wachoraji wa nganya, yaani matatu zilizopambwa, zinazopita Jogoo Road wako pande zote mbili za deni hili la kumtaja mwenye kazi. Nyuso za wanamuziki na wachezaji wanazopaka kwenye matatu mara nyingi hutoka kwenye picha za wapigapicha wasiotajwa. Grafiti zao nazo hupigwa picha na kusambazwa bila majina yao. Hata pale sheria inaporuhusu kupiga picha kazi iliyo hadharani, kumtaja mchoraji hakugharimu kitu. Kijana wa Eastlands asiye na duka wala wakala hupata mteja wa pili kwa sababu wa kwanza alimtaja.

Kwa hivyo, kabla ya kuchapisha picha, itafute kwa Google hadi umfikie mwenyewe. Mwandikie, mweleze unataka kuitumia wapi na kama utaiuza. Akikataa au usipompata, mpe kazi mchoraji wa mtaani kwako, umlipe, na uiache sahihi yake ilipo.