Gari Likizima kwa Joto, Tazama Chini ya Kisanduku



Katika pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na Kilambo, bado yapo magari ya zamani ya petroli. Pikapu moja hubeba samaki, chumvi na korosho. Siku nyingine hubeba mgonjwa kwenda hospitali ya Ligula. Gari hilo likizima njiani, samaki wanaoza na mgonjwa anateseka.

Upo ugonjwa mmoja wa gari ambao wengi wetu tunaujua. Asubuhi gari linawaka vizuri. Likishatembea saa moja, jua limekuwa kali, injini inazima ghafla kama taa. Mnasukuma, wapi! Mnakaa chini ya mkorosho nusu saa, gari linapoa, linawaka tena bila fundi kugusa kitu. Watu wanasema gari lina shetani. Halina shetani. Lina joto.

KISANDUKU NI NINI?

Injini ya petroli huhitaji cheche kwenye plagi. Koili hutoa cheche hiyo pale umeme wake unapokatwa ghafla. Zamani kazi ya kukata umeme ilifanywa na platini. Katika miaka ya 1970 na 1980 magari mengi yaliacha platini, yakawekewa kisanduku kidogo cha elektroniki. Ndani yake mna transista, kama ilivyo katika redio. Mafundi wengine hukiita moduli. Katika magari mengine kimefungwa kwenye distribyuta, katika mengine karibu na koili.

Umeme mwingi hupita humo, na kisanduku hupata moto. Nacho hakina feni wala maji ya kukipoza. Njia yake kubwa ya kutoa joto ni bati lake la chini, lililobanwa kwenye chuma cha gari. Joto likikosa njia hiyo, transista huacha kazi. Ikipoa hurudi. Mwisho huungua kabisa.

KWA NINI GRISI NYEUPE?

Chukua mapanga mawili. Yabane pamoja, kisha yatazame kuelekea kwenye mwanga. Utaona mwanga unapenya. Kumbe vyuma viwili havigusani kila mahali. Katikati pana hewa, na hewa hupitisha joto vibaya sana.

Fundi wa mashua hujaza mianya ya mbao kwa kalafati ili maji yasipite. Nasi hujaza mianya ya kisanduku kwa grisi nyeupe, lakini hapa tunataka joto lipite. Grisi hiyo ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga, mara nyingi wa zinki oksaidi. Hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa.

Lakini chuma chenyewe hupitisha joto vizuri kuliko grisi. Kwa hiyo usipake nene kama siagi kwenye mkate. Fundi wa mashua hatii kalafati ubao mzima. Hutia penye mwanya tu.

JINSI YA KUPAKA

Kwanza, acha injini ipoe. Fungua waya wa hasi wa betri.

Pili, chomoa soketi ya kisanduku kwa kushika soketi yenyewe, si kwa kuvuta waya. Fungua skrubu.

Tatu, futa grisi ya zamani kwa kitambaa safi chenye spiriti. Hapa pwani hewa ina chumvi, nayo hula alumini na kuacha unga mweupe mkavu. Usidhani unga huo ni grisi. Uondoe wote, lakini usichimbe chuma.

Nne, weka grisi kidogo, kama punje ya mbaazi. Isambaze kwa ukingo wa kadi ngumu mpaka iwe utando mwembamba kwenye bati lote. Isiingie kwenye soketi.

Tano, kaza skrubu zote sawasawa, zamu kwa zamu. Usikaze kupita kiasi, bati litapinda.

Usitumie grisi ya beringi, wala mafuta ya kujipaka, wala dawa ya meno. Kisanduku kipya mara nyingi huja na kifuko kidogo cha grisi yake. Usikitupe! Kama hakipo, muulize fundi wa redio au wa kompyuta. Wao hutumia grisi ya namna hii kila siku.

JE, NI KISANDUKU KWELI?

Si kila gari linalozima kwa joto lina ugonjwa huu. Petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya mpira wake. Koili nayo huchoka. Kwa hiyo gari likizima, fundi apime cheche palepale, kabla halijapoa. Kama cheche ipo, atazame petroli. Kama haipo, apime koili, waya na kisanduku. Usishike waya wa plagi kwa mkono, umeme wake ni maelfu ya volti. Magari ya dizeli hayana plagi za cheche, hayahusiki.

Tusidhani ni shida ya vijijini tu. Huko Marekani, kampuni ya Ford ilifunga visanduku kwenye distribyuta, karibu na joto la injini. Magari yalizima barabarani, watu wakaenda mahakamani. Mwaka 2000 jaji wa California aliamuru magari yapatayo milioni 1.7 yarudishwe kurekebishwa. Mwaka 2001 kesi ilimalizwa kwa makubaliano.

Sisi barabara zetu nyingine zina mchanga. Gari huenda polepole kwa gea ya chini, upepo ni mdogo, injini inachemka. Mwenye gari akinunua kisanduku kipya na kukifunga kikavu, kitaungua kama cha kwanza. Fedha za korosho zitakwisha dukani. Basi, siku fundi anapofunga kisanduku, simama karibu uulize: "Fundi, grisi iko wapi?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini gari huwaka tena likipoa?
2. Kwa nini grisi ipakwe nyembamba?
3. Katika kijiji chenu, gari la kubeba wagonjwa hukaguliwa lini, na nani?