Tuanze na Wanaosema Sana

Mtoto aliyekulia Mchikichini, Ilala, jijini Dar es Salaam, hahitaji kufundishwa kusema. Kabla hajamaliza darasa la nne ameshashuhudia mabalo ya mitumba yakifunguliwa alfajiri, mnada ukipigwa mpaka sauti ya muuzaji ikakauka, na mteja akijifanya anaondoka ili aitwe arudi. Anajua kwamba bei ya kwanza si bei. Kule Kariakoo wapo mawinga wanaoishi kwa kinywa chao: hawana duka wala mzigo, wana maneno na namba za simu. Sasa mchukue mtoto huyohuyo, mpeleke kidato cha kwanza, mkalishe na wenzake wanne, uwaambie wajadili usanisinuru. Kimya kinatanda. Mmoja anaandika, wawili wanamtazama anavyoandika, wa nne anachora pembeni ya daftari, na wa tano shughuli yake ni kuhakikisha jina lake halikusahaulika kwenye karatasi ya kukusanya.

Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania wa mwaka 2023, ulioanza kutumika madarasani Januari 2024, unataka mwanafunzi atoke shuleni akiwa na stadi za mawasiliano na ushirikiano. Walimu wengi wameitikia kwa njia iliyo karibu zaidi: wanasogeza madawati, wanagawa vikundi, wanasema "jadilini". Inapofika hapo ndipo sayansi ina neno la kusema, maana kikundi kimechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba watu wakiwekwa pamoja hutegea.

Aliyelipima hilo mapema ni Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Aliwavutisha watu kamba. Nguvu ya mtu anayevuta peke yake akiihesabu kuwa asilimia 100, watu wawili walitoa asilimia 93 kila mmoja, watatu 85, na walipofika wanane kila mmoja alibaki na 49, chini ya nusu. Ungeweza kusema labda walikosa kwenda pamoja, huyu akivuta yule analegeza. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake huko Marekani waliitenga sababu hiyo. Waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawavika vipokea sauti vya masikioni, wakawaambia wapige kelele wakiwa kundi, ilhali kwa kweli kila mmoja alikuwa akipiga kelele peke yake. Hata hivyo sauti zilipungua. Imani tu kwamba wapo wengine ilitosha kumpunguzia mtu bidii. Miaka miwili baadaye timu hiyohiyo ikaonyesha upande wa pili: mtu akijua kwamba sauti yake yeye itapimwa, kutegea kunatoweka.

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi themanini chumba kimoja, hilo lina maana ya moja kwa moja. Karatasi moja yenye majina matano ni mwaliko wa kutegea. Kura inayopigwa mwishoni kumpata wa kusimama na kueleza, bila yeyote kujua atakuwa nani, haigharimu hata chaki.

Lakini kumbana mtegeaji si kumfundisha kuwasiliana. Kwa hilo inafaa twende Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipolazimishwa kuwachanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko, na ngumi zikaanza kurushwa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa asaidie. Hakuhubiri upendo. Aliligawa somo vipande, kila mtoto wa kikundi akapewa kipande chake ambacho wengine hawakuwa nacho, na mtihani ukawa wa somo zima. Ili ufaulu, lazima umsikilize kila mmoja.

Katika kikundi kimoja alikuwamo mvulana ambaye Aronson humwita Carlos. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Zamu yake ilipofika alikwama, na wenzake, kama ilivyo ada, wakamcheka. Msimamizi akawaambia kwa upole kwamba kumcheka wanaweza, ila hakutawasaidia kukijua kipande alichonacho, na mtihani uko njiani. Kilichofuata ndicho kilichonivutia kuliko takwimu zote za njia hii. Watoto wale walijifunza kuuliza. Waliacha kumkatiza, wakaanza kumpa maswali mafupi yanayomfungulia njia, wakangoja jibu. Baada ya majuma machache wakagundua kwamba Carlos si mjinga hata kidogo. Tazama nani alibadilika kwanza. Carlos alikuwa na maarifa yake tangu siku ya kwanza. Waliokosa stadi ya mawasiliano ni wale waliokuwa wakisema vizuri.

Mgawanyo wa namna hiyo hauwezi kumshangaza mtu wa Mchikichini. Mwenye balo anajua pa kulinunua, fundi cherehani anajua kupunguza kiuno, mpiga pasi anajua kitambaa kitakachoungua, na mnadi anajua saa ya kushusha bei. Akikosekana mmoja mzigo unalala, kwa hiyo wanasikilizana, hata kama hawapendani.

Habari ya Carlos inatugusa kwa jambo jingine. Mwanafunzi wetu wa shule ya umma anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha anavuka kwenda sekondari na kukuta Kiingereza kimekalia mlango. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwaunganisha wataalamu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulilinganisha vipindi vilivyofundishwa kwa Kiingereza na vilivyofundishwa kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili wanafunzi walibishana, waliuliza, walitoa mifano ya nyumbani. Kwa Kiingereza walinyamaza au walikariri. Binafsi naona ni ajabu kumpa mtoto maksi ndogo za "mawasiliano" baada ya kumnyang'anya lugha anayowasiliana nayo. Mwalimu anayeruhusu mjadala wa kikundi uende kwa Kiswahili na ripoti iandikwe kwa Kiingereza anafanya jambo la busara, ingawa wapo watakaomkemea.

Hata lugha ikifunguka, bado lipo swali la nani anasema na nani anasikiliza. Mwaka 2010 mtafiti Anita Woolley na wenzake waliwapima watu 699 katika vikundi vya watu wawili hadi watano. Walitaka kujua kwa nini vikundi vingine hufaulu kazi ya aina yoyote inayowekwa mezani. Akili ya aliye bora zaidi kikundini ilieleza kidogo tu. Vilivyoeleza zaidi ni uwezo wa wanakikundi kuzisoma hisia za mtu kwa kumtazama macho, na zamu za kusema kugawanyika bila mmoja kuzihodhi. Vikundi vyenye wanawake wengi vilifanya vizuri pia, kwa sehemu kubwa kwa sababu wao waliongoza katika kusoma macho. Wapo wataalamu walioupinga ukubwa wa matokeo hayo, na mjadala unaendelea. Ila mwalimu yeyote anamfahamu yule mwanafunzi mwenye akili nyingi ambaye kikundi chake hakijawahi kumaliza kazi.

Wilaya ya Ilala ina shule ambazo swali la kusikilizana kwao ni la kila siku. Uhuru Mchanganyiko, pale Kariakoo, huwachukua watoto wasioona na viziwi wasioona pamoja na wenzao. Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mtoto mwenye usonji ana pengo la mawasiliano ndani yake, kazi ya shule ni kuliziba. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alipendekeza tuuone ugumu huo kuwa wa pande mbili: huyu hamwelewi yule, na yule hamwelewi huyu.

Wazo hilo likajaribiwa kwa mchezo wa kupokezana hadithi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake, Edinburgh, walipanga minyororo ya watu wanane wanane. Mnyororo wa wenye usonji watupu uliifikisha hadithi sawa na ule wa wasio nao. Iliyochanganya ndiyo iliyopoteza mengi njiani. Mwaka 2025 walirudia kwa watu 311, na safari hii minyororo yote, hata ya mchanganyiko, haikutofautiana kwa kiwango cha kutajwa. Wazo la Milton halijafa kwa hilo, lakini lile la zamani ndilo lililoumia zaidi: majaribio yote mawili hayakuwakuta wenye usonji wakishindwa kupeana habari.

Sasa twende uwanja wa shule, wakati wa mapumziko. Connie Kasari na wenzake wa Los Angeles, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwashirikisha watoto 60 wenye usonji wanaosoma madarasa ya kawaida. Baadhi walifundishwa wao wenyewe jinsi ya kuingia mchezoni. Kwa wengine, walichukuliwa watoto watatu wa darasa lao wakafundishwa wao, na mwenye usonji hakuwamo kwenye vipindi hivyo. Njia ya pili ilishinda. Waliofundishiwa wenzao walitajwa zaidi kuwa miongoni mwa kundi, walikaa peke yao mara chache zaidi, na majuma 12 baada ya vipindi kwisha faida ilikuwa bado inaonekana.

Mafunzo yenyewe yalikuwa vipindi 12 vya dakika 20, ndani ya majuma sita. Jumla yake ni saa nne, kwa watoto watatu. Ukiwatafuta watatu wa namna hiyo katika darasa lolote la Mchikichini, monita atakutajia kumi kabla hujakaa, wote hodari wa kuita watu. Wanachohitaji kuongezewa ni kumwita mwenzao kwa jina, kumpa kazi halisi ndani ya mchezo, kungoja jibu linalochelewa, na kutomjibia.