Wi-Fi Imeshika, Intaneti Haifunguki: Kagua Itifaki Kabla ya Kununua Kadi Mpya

Mkazi ameketi katika kituo cha Wi-Fi ya umma, laptopu yake inaonyesha mtandao umeshika, lakini fomu ya basari haifunguki na leo ndiyo siku ya mwisho. Simu ya aliyeketi karibu naye inafanya kazi vizuri kwenye mtandao huo huo. Wengi wakifika hapo huambiwa kadi ya Wi-Fi imeharibika, wanunue nyingine. Huenda kadi ni nzima kabisa.

Kazi ya kadi ni kupokea na kurusha mawimbi ya redio tu. Ili laptopu iwasiliane na intaneti inahitaji pia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, na iliyo kuu ni TCP/IP. Chini ya kanuni hizo kila mashine huwa na anwani yake, kwa mfano 192.168.1.25. Kwa kawaida ruta ndiyo hugawa anwani hizo kifaa kinapojiunga, kwa njia iitwayo DHCP.

Shida huwapata hasa wanaonunua laptopu za mtumba. Mashine iliyotoka ofisini huenda bado ina anwani ya kudumu iliyowekwa na fundi wa ofisi hiyo. Ikifika kwingine haiombi anwani mpya. Inang'ang'ania ya zamani, sawa na mtu aliyehama mji akaendelea kungoja barua kwenye sanduku la posta la kule alikotoka.

Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika ncpa.cpl, kisha bonyeza Enter. Bofya picha iliyoandikwa Wi-Fi kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague mstari wa mwisho, "Properties". Katika orodha itakayofunguka, tafuta mstari unaotaja TCP/IPv4. Hakikisha kisanduku chake kina tiki, kisha ubofye mstari huo mara mbili. Kuna sehemu mbili: ya juu ni ya anwani, ya chini ni ya DNS, inayobadilisha jina la tovuti kuwa nambari. Ukikuta nambari, zipige picha kwa simu kwanza. Kisha katika kila sehemu chagua kitufe cha juu, chenye neno "automatically". Bonyeza OK, ujiunge na Wi-Fi upya.

Anwani ikianza na 169.254, maana yake laptopu imeomba lakini haikujibiwa. Sogea karibu na ruta au mwarifu msimamizi wa kituo.

Kompyuta za ofisi zisiguswe hivi bila afisa wa TEHAMA, kwa kuwa baadhi hupewa anwani ya kudumu makusudi. Na laptopu ikidai nywila ya msimamizi usiyoijua, mwulize aliyekuuzia. Ni vyema kuiomba siku ile ile ya kununua.