Kuota moto, kuota jua: raha ndogo za msimu wa baridi Wasso

Mji mdogo wa Wasso, ulioko katika tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, si mbali na mpaka wa Kenya, umekaa takribani nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na mchana mfupi kuliko yote haizidi robo saa. Jua la Julai huchomoza huko kwenye saa 12:40 asubuhi na kuzama kwenye saa 12:45 jioni, na mtu anayetazama saa pekee asingejua kama ni Julai au Februari. Hata hivyo, yeyote aliyelala Wasso katika miezi ya Juni, Julai na Agosti anajua kwamba huo ni msimu mwingine kabisa, kwa kuwa mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa takribani nyuzi sita za Selsiasi kwa kila mita 1,000 ambazo ardhi inapanda.

Jambo hili linafaa kuelezwa mapema, kwa sababu maandishi mengi kuhusu namna ya kuipitisha miezi ya baridi yametoka katika nchi ambazo tatizo lao la kwanza ni giza. Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halionekani kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na ilikuwa kutokana na hali ya nchi zenye michana mifupi kwamba daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza, mwaka 1984, aina ya sonona inayomrudia mtu kila majira ya baridi na ambayo hutibiwa kwa kumweka mgonjwa mbele ya taa kali. Wadenmaki nao wamejijengea utamaduni mzima wa mishumaa, soksi nzito na vinywaji vya moto ndani ya nyumba. Mtu wa Wasso hajapungukiwa na mwanga. Amepungukiwa na joto, na raha zake za msimu huu, zikichunguzwa vizuri, zote ni njia za kulitafuta joto, kulihifadhi na, zaidi ya yote, kuligawana.

Baridi yenyewe si ya aina moja katika eneo hili. Wakati wa kipupwe, yaani kipindi cha baridi kinachofuata mvua za masika, upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi, na unapokutana na nyanda za juu za Ngorongoro hulazimika kupanda. Hewa inapopanda hupoa, mvuke uliomo hugeuka wingu, na wingu hilo huukalia msitu wa upande wa Karatu na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mara nyingine hadi karibu na adhuhuri. Huko baridi ni ya umande na ukungu, na ndiyo inayoulowesha msitu ambao chemchemi zake hunywesha mashamba ya Karatu. Upepo ukivuka nyanda hizo huwa umekwisha kuacha sehemu kubwa ya unyevu wake nyuma, na ndiyo maana baridi ya Wasso na Loliondo huwa kavu zaidi: usiku anga likiwa jeupe bila wingu, ardhi huachia joto lake kuelekea angani bila kizuizi, na alfajiri ndiyo saa yenye ukali kuliko zote.

Nyumba ya Kimasai ya asili, ambayo wenyewe huiita enkaji, inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama jibu la alfajiri hiyo. Hujengwa na wanawake kwa fito zilizosukwa na kukandikwa mchanganyiko wa udongo na samadi ya ng'ombe. Ni fupi, mlango wake hupinda kabla ya kuingia ndani ili upepo usipate njia iliyonyooka, na matundu yake ya mwanga ni madogo kiasi kwamba mgeni hudhani mjenzi aliyasahau. Katikati kuna moto, na pembeni yake vitanda vya fito vilivyotandikwa ngozi, huku ndama na watoto wa mbuzi wakilala ndani ya nyumba hiyo hiyo, jambo ambalo huwalinda wao dhidi ya baridi na fisi, na kwa upande wa pili huwapa binadamu joto la miili yao bila gharama ya kuni. Mgeni huliona giza la ndani kuwa kasoro. Lakini kila tundu la mwanga ni tundu la upepo, na wajenzi walikwisha kuchagua.

Wairaqw wa Karatu na Mbulu waliufikia ujuzi unaofanana na huo kwa njia nyingine. Nyumba zao za zamani za tembe, yaani nyumba za paa bapa la udongo, zilichimbwa kwa sehemu ndani ya mteremko wa kilima, na maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba zilikusudiwa kuwaficha watu na mifugo wakati wa uvamizi. Vyovyote ilivyokuwa nia ya mwanzo, ardhi hupata joto taratibu na kulipoteza taratibu, na waliolala humo walipata usiku usiobadilika sana, Julai kwa Januari.

Ndani ya nyumba hizo kinywaji cha msimu ni chai ya maziwa, tena yenye sukari ya kutosha kumshangaza mtu wa pwani, ambaye naye si mchoyo wa sukari. Kuna sababu ya kiuchumi nyuma ya utamu huo. Kuanzia Juni malisho hukauka na maziwa ya ng'ombe hupungua, na familia ambayo mwezi Aprili ilikunywa maziwa matupu kutoka kwenye kibuyu sasa hulazimika kuyatumia kwa kubana. Chai hufanya kazi hiyo, kwani maziwa kidogo yakichemshwa pamoja na maji, majani na sukari huwatosha watu wengi, na sukari hurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Tangawizi huongezwa na wenye nayo. Chai hiyo huwa pia na ladha ambayo haiuzwi dukani: kibuyu husafishwa kwa kaa la moto la mzeituni mwitu, mti ambao Wamasai huuita oloirien, na moshi wake huyafanya maziwa yakae muda mrefu zaidi bila kuharibika huku ukiyaachia harufu ambayo aliyekulia nayo huikosa popote pengine.

Supu inastahili nafasi yake. Supu ya Kimasai hutofautiana na ile ya vibanda vya mjini kwa kuwa nyama na mifupa huchemshwa pamoja na magome na mizizi, kama vile olkiloriti, ambao ni aina ya mgunga, na osokonoi, mti ambao gome lake huwasha ulimi kama pilipili. Hunywewa na mgonjwa anayerudisha nguvu, na wanaume walio katika orpul, yaani kambi ya porini ambako watu hujitenga kwa siku kadhaa kula nyama na kunywa dawa. Imani katika mzizi uliochemshwa ina historia ndefu katika wilaya hii. Mwaka 2011 Taifa zima na majirani zake waliishuhudia, pale maelfu ya watu walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Madai ya uponyaji wa wakati ule hayakuthibitishwa na sayansi, na supu ya Wasso haihitaji madai ya aina hiyo: mchuzi wa moto wenye mafuta, ukinywewa polepole asubuhi yenye upepo, una faida inayoonekana hapo hapo. Pombe ndiyo husifiwa kwa kazi isiyoiweza, kwani hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mnywaji akajisikia amepata joto wakati mwili wake unalipoteza.

Upande wa Karatu, ambako wakulima huvuna mahindi na maharage baada ya masika, msimu wa baridi huwa pia msimu wa chakula kipya, na makande, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja kwa saa nyingi, hupikwa kwenye chungu kikubwa kuliko mahitaji ya siku moja. Faida ya makande katika baridi haiko kwenye sahani peke yake, kwa sababu chakula kinachotaka nusu siku motoni huipasha nyumba joto nusu siku, na watu huwa na kisingizio cha kukaa jikoni.

Asubuhi ina raha yake isiyo na gharama yoyote, ambayo Waswahili huiita kuota jua. Mifugo ikiwa imekwisha kutoka zizini, wazee hukaa upande wa mashariki wa ukuta au kichuguu, mahali ambapo jua hufika mapema na upepo haufiki, wakiwa wamejifunika blanketi zito juu ya shuka, na baadhi yao hucheza enkeshui, mchezo wa vishimo na kete ulio ndugu wa bao. Kiini cha raha hiyo ni kwamba jua la nyanda za juu ni kali hata hewa ikiwa baridi, kwa vile miale hupita katika hewa nyembamba zaidi, hivyo mtu anaweza kuwa na uso wenye joto na mgongo wenye ganzi kwa wakati mmoja; ndiyo maana waotaji jua hugeuka kila baada ya muda.

Mavazi ya msimu huu yana kichekesho ambacho wachumi wangeweza kukiandikia kitabu. Kwenye minada ya mifugo na masoko ya Karatu, robota za mitumba hufunguliwa na kutoa makoti mazito, sweta za sufu na kofia za kufunika masikio, vitu vilivyoshonwa kwa ajili ya Desemba ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na ambavyo mjini Dar es Salaam visingepata mnunuzi ila msafiri. Huku hugombewa. Katika miezi hiyo hiyo, watalii wanaofuata msafara wa nyumbu kaskazini mwa Serengeti hupita ukingo wa kreta wakiwa na mashati mepesi waliyonunua kwa ajili ya Afrika waliyoifikiria, na hoteli za huko zimejifunza kuwawashia moto sebuleni na kuwawekea chupa ya maji ya moto kitandani. Wanalipia kwa dola jambo lile lile ambalo ndama wa Loliondo hulitoa bure.

Raha hizi, hata hivyo, zina mfanyakazi, naye kwa kawaida ni mwanamke. Yeye ndiye aliyekandika ukuta, na nyumba ikivuja ni yeye anayepaka samadi upya. Yeye hutafuta kuni na kuzibeba mgongoni, na huamka kabla ya wengine kuchochea makaa ili anayefungua macho akute chai. Ndiye pia anayevuta moshi mwingi zaidi, pamoja na watoto walio karibu naye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, mkaa na samadi, ilihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na miongoni mwa magonjwa yanayohusishwa nayo ni nimonia ya watoto. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lina hatari ya haraka zaidi, kwa sababu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asiamke tena. Jiko la namna hiyo hutolewa nje kabla ya watu kulala, hata kama usiku ni mkali kiasi gani.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na kwa mapafu ya akina mama wa Ngorongoro lengo hilo haliwezi kuja mapema kupita kiasi. Lakini mkakati wa kupikia haujibu swali zima la mahali kama Wasso, kwa kuwa mtungi wa gesi huivisha chai kisha huzimwa, ilhali moto wa kuni huivisha chai, hukausha nguo, huwapasha ndama joto na humpa bibi, ambaye wajukuu humwita koko, mahali pa kukaa nao jioni ndefu inayoanza saa moja usiku, redio ya jamii ya Loliondo FM ikisikika pembeni. Nishati inayochukua nafasi ya kuni italazimika kuchukua kazi hizo zote, au ziachwe bila mwenyewe.

Swali hilo hilo limekwisha kujitokeza katika ujenzi. Nyumba za matofali na paa la bati zimeenea Wasso, na ni bora kwa mambo mengi: hazivuji, hazina moshi, zina madirisha na hazihitaji kukandikwa kila baada ya mvua. Usiku wa Julai, hata hivyo, bati lisilo na dari hupoa mara jua linapozama, sakafu ya saruji huvuta joto la nyayo, na chumba kipana cha watu wawili hakipashwi na pumzi zao. Fundi anayejua eneo hushauri dari ya mbao au ya bodi, madirisha madogo upande wa upepo, na sebule ielekee mashariki. Mwenye nyumba asiyemudu hayo yote hujenga nyumba ya bati mbele, kisha huiacha ile ya udongo isimame nyuma kama jiko, na wazee wake huomba kitanda chao kipelekwe huko.